Kicheko Kilichofunika Nyundo

Nyumbani kwetu Kasulo, televisheni ilikuwa haipunguzwi sauti Jumapili jioni. Mgeni asiyeujua mtaa wetu angedhani sisi ni ukoo wa viziwi, au watu tuliokosa adabu tangu kuzaliwa. Sauti ilitoka sebuleni, ikavuka ua, ikamfikia jirani yetu mwenye malori, yule mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka mashariki, naye akaijibu kwa televisheni yake, na wa nyuma yake vilevile. Mtaa mzima ulijaa kicheko cha watu waliokaa ukumbini mjini Kolwezi, na chini ya kicheko hicho watu wetu walikuwa wanapiga nyundo.

Hivyo ndivyo kazi ilivyokuwa. Kuchimba madini chini ya nyumba kulikuwa kumekatazwa zamani. Mabango yalibandikwa, na walinzi walipita vichochoroni wakitega masikio kwenye kuta. Aliyekuwa na shimo chumbani alihitaji kelele ya kulifunika. Wengine walitwanga sombe, majani ya muhogo, kwenye kinu mpaka yakawa uji, wengine walizidisha mazoezi ya kwaya, wengine waliwasha jenereta hata umeme ulipokuwepo. Lakini hakuna kelele iliyodumu kama kipindi cha mchekeshaji wa Jumapili. Kilianza jua likiwa bado halijazama, kikaendelea mpaka chakula kinapoa mezani, na watu wake hawakuchoka kucheka. Hata waliomchukia walimfungulia sauti mpaka mwisho.

Na waliomchukia walikuwa wengi. Alikuwa mtu mwembamba mwenye koti lililomzidi mabega. Yeye mwenyewe hakucheka hata siku moja. Alisimama, akatutazama kama daktari aliyekwisha kukata tamaa na mgonjwa, kisha akaanza: barabara, umeme, mawaziri, wachungaji, wachimbaji, wajane. Hakuchagua. Watu walipomshangilia, aliwanyamazisha kwa mkono. "Musipige mikono," alisema. "Mukipiga, bataona kama mungali na nguvu, bataongeza kazi." Na kila Jumapili alimaliza kwa maneno yaleyale, kwamba kesho haina tofauti na leo: "Kesho itakuwa paka sawa leo. Mulale muzuri."

Baba alimpenda kwa maneno hayo hasa. Baba aliendesha treni ya mawe ya kampuni ya serikali tangu ujana wake, kama babu yetu aliyeletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi. Kampuni ilipolala chali, wakaja watu wa suti kuwahutubia wafanyakazi, na baba alikuwa mstari wa mbele, kofia mkononi, anaitikia. Aliitikia miaka na miaka. Ndiyo maana alisema huyu mwembamba ni mtu wa kwanza kutokea kwenye ile televisheni bila kumwahidi kitu. Alikuwa anamngoja kama watu wanavyomngoja mgeni mwenye habari. Alivaa shati safi.

Mama hakutaka hata kumwona. Mama alikuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama, mtu wa kitambaa cheupe kichwani na neno moja moja. Alisema mtu anayeona kidonda akacheka ni sawa na aliyekikata. Hapo baba alimjibu kwa habari ya wajukuu. Kwetu, mzee akifa, wajukuu wake wana haki ya kufanya mzaha kilioni. Wanavaa suruali yake, wanatembea kwa mwendo wake wa kuchechemea, wanalala mbele ya jeneza na kusema halipiti mpaka walipwe, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Hakuna anayewakasirikia. Baba alisema yule mchekeshaji ndiye mjukuu wa mji mzima: mji umekufa, na yeye anafanya kazi yake.

Mama aliposikia hivyo alikunja uso. Akasema wajukuu wanafanya mzaha kwa mtu aliyekula miaka yake akashiba, hawafanyi kwa kijana. "Na mu uyu muji, tata, banazika banani?" alimuuliza baba. "Bazee?"

Baba akaongeza sauti ya televisheni.

Mimi sikuwa upande wowote. Nilikuwa nimerudi kwa wazazi baada ya ndoa yangu kunishinda, nafundisha watoto wa shule ya msingi, na hasira niliyokuwa nayo ilinitosha bila ya kuitafuta kwenye televisheni. Yule mtu aliniudhi Jumapili, na Jumatatu nikajikuta namwiga mbele ya walimu wenzangu, koti la mume wangu wa zamani mabegani. Ulimi wangu ni mkali, najua, nimeambiwa na wengi. Labda niliudhika kwa sababu nilikuwa naona kuna mtu analipwa kwa kusema yale ninayoyasema mimi bure.

Lakini aliyempenda kuliko sisi sote ni mdogo wangu, na ndiye aliyemwona kwa nadra kabisa. Mdogo wangu alikuwa na diploma ya umeme. Aliitembeza kwenye milango ya makampuni mpaka kona za bahasha zikalainika, kisha siku moja akairudisha chini ya godoro, akamwita binamu yetu, wakasogeza kitanda cha wazazi hadi ukutani na kupasua sakafu. Chumba cha wazazi ndicho kilichokuwa mbali na barabara. Baba na mama wakahamia sebuleni kulala. Udongo mwekundu ulitolewa kwa mifuko mpaka lilipoonekana jiwe jeusi la kobalti, na tangu hapo Jumapili jioni ikawa saa nzuri kuliko zote za kazi, kwa ajili ya kile kicheko.

Kwa hiyo kila kipindi kilipokuwa hewani, mdogo wangu alikuwa chini. Alipanda juu kilipokwisha, udongo mpaka kwenye kope, na kabla hajaomba maji alikuwa anauliza: "Leo alisema nini?" Ikawa ni kazi yetu kumsimulia. Baba alisimulia vibaya, maana alicheka kabla ya kufika mwisho na kuharibu kila kitu. Mimi nilivaa koti na kumwonyesha yote, mpaka ile namna ya kunyamazisha watu kwa mkono, na mdogo wangu alikaa sakafuni ameegemea ukuta, anacheka na kukohoa, anakohoa na kucheka. Mama alimmwagia maji mikononi.

Alimchokoza mama kila mara, akitaka na yeye amsimulie mzaha mmoja. "Mama, siku moya njo weye utaniambia," alimwambia. "Moya tu."

Mama alimjibu kuwa maneno ya yule mtu hayatapita kinywani mwake. Alisema hivyo huku anamkausha vidole, kimoja baada ya kingine, kama alivyofanya alipokuwa mtoto.

Ulinzi wa shimo ulikuwa na utaratibu wake. Kamba nyembamba ilishuka mpaka chini, na huku juu ilifungwa kwenye mkebe wa maziwa ya unga wenye kokoto ndani, ukining'inia kwenye msumari wa kizingiti. Aliye chini akivuta mara moja, mkebe unalia, unajua mfuko umejaa, vuta. Akivuta mfululizo, maana yake nitoeni. Lazima mtu akae pale. Siku nyingine tulipokezana, ila Jumapili ilikuwa zamu ya mama. Sote tulitaka kutazama, yeye hakutaka, na hakuna aliyemuonea huruma kwa hilo. Alipeleka kigoda chake kule, akapeleka na maombi yake. Alizoea kupiga magoti kando ya kitanda, na kitanda kikiwa kimesogezwa, alipiga magoti kando ya shimo, akamwomba Mungu kwa Kiluba cha kwao amlinde mwanawe. Wakati mwingine magoti yake yalisukuma udongo, nao ukadondoka, na sauti ya mdogo wangu ikapanda kutoka kule: "Mama, udongo."

Mvua za kwanza zilipoanza, mama alitaka shimo lifungwe mpaka ardhi ikauke. Alimwambia mwanawe, akamwambia baba, akaniambia na mimi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, maana hakunihesabu katika mambo ya shimo. Baba hakukubali. Jirani wa upande wa pili alikuwa anachimba kuja kwetu. Mdogo wangu alisikia nyundo zao chini kwa chini, na ukimwacha mtu akufikie, jiwe lote linakuwa lake. Baba alisema wiki chache tu. Mdogo wangu alisimama katikati yao, akamshika mama bega na kumwambia asiogope, udongo wa pale ni mgumu. Mama aliniangalia. Alitaka niseme kitu, nami nikasema kwamba katika nyumba hii watu wananisikiliza pale tu ninapovaa koti.

Jumapili iliyofuata binamu yetu hakuwepo. Alikuwa amekwenda Mutshatsha kumzika mama yake mdogo, na treni ya kurudi haikuwa na saa. Mdogo wangu akashuka peke yake. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na mchana jua likatoka, uwani kukawa na mvuke. Mama akabeba kigoda chake. Sebuleni tulikuwa baba, mimi, mke wa jirani mwenye malori pamoja na dada yake, na akina mama wawili wa nyumba ya nyuma. Baba alikuwa na shati lake safi.

Yule mtu alianza na umeme, akaenda kwa mawaziri, akawagusa wachungaji. Kisha akavuta koti, akasema leo anataka kuongea na mama wa Kasulo.

Baba aliruka. "Mama, kuya usikie," aliita. "Anakusema weye."

Mama alijibu kuwa ana kazi. Baba akaita tena, akainuka, akaenda mpaka mlango wa chumba, na nilimsikia anambembeleza kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni, sauti ya mwanaume anayemwomba mkewe wacheze. Mama akaja. Alisimama mlangoni mwa sebule, mkono mmoja kwenye fremu, uso umefungwa. Baadaye alisema alikuja ili asikie tusi lenyewe kwa masikio yake, apate la kumwambia mchungaji.

"Mama moya wa Kasulo alipiga magoti pembeni ya kitanda," yule mtu alisema. "Akasema: Bwana, miaka yote naomba, haunijibu. Leo, kama unanisikia, unijibu. Kimya. Akasema tena: Bwana, unanisikia? Sauti ikasema: Mama, tunakusikia, lakini sogea kidogo, uko unatuangushia udongo mu macho."

Nilimtazama mama. Hakuna aliyekuwa anatazama televisheni tena.

"Mama akalia na furaha. Akasema: Bwana, mi nilikuwa najua kama uko kule juu. Sauti ikasema: Hapana, mama. Ule wa juu hayiko. Siye tuko ba huku chini. Kama uko na mayi ya kunywa, utuletee."

Mama alicheka. Kwanza alijifunika mdomo kwa ncha ya kitenge, mabega yakatikisika, kisha kicheko kikamshinda, kikatoka kikubwa, cha msichana, kicheko ambacho sikujua kama anacho. Alikaa kwenye mkono wa kiti cha baba. Alijaribu kusema kitu, "magoti yangu", akashindwa, akacheka tena. Ilikuwa kama yule mtu alichungulia chumbani kwetu. Ni kufuru, mchungaji angesema ni kufuru tupu, na kiongozi wa kwaya alikuwa anajifuta machozi. Sisi tukacheka zaidi kwa kumwona yeye anavyocheka. Mke wa jirani alikuwa ameshika mbavu. Baba hakumtazama mchekeshaji, alimtazama mkewe, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaiona tena.

Mama alibaki pale. Yule mtu alisimulia nyingine, na nyingine. Mama alisikiliza zote, mkono wake kwenye bega la baba, mpaka yule mtu alipofika mwisho, akatuambia kesho itakuwa kama leo, tulale vizuri. Baba akapunguza sauti.

Mama akainuka, bado anatabasamu, akaenda chumbani.

Hakupiga kelele. Alisema neno moja, "Tata," kwa sauti ya chini, namna anavyomwita baba chakula kikiwa tayari. Tukaenda. Mkebe haukuwa kwenye kizingiti. Msumari ulikuwa umeng'oka, nao ungali umeshikwa na kamba, na mkebe ulikuwa umeburutwa sakafuni mpaka kwenye mdomo wa shimo, ukakwama hapo, umebonyea. Kamba ilikuwa imekazwa kwenda chini. Baba aliivuta, haikuja. Alipiga magoti akaita jina la mwanawe ndani ya shimo, na hapakuwa na sauti, ila udongo mdogo mdogo uliokuwa unaendelea kudondoka.

Sitaeleza yote. Jirani mwenye malori alikuja na taa zake na wanaume wake, wachimbaji wakatoka katika kila nyumba, hata wale waliokuwa wanatufuata chini kwa chini kushindania jiwe. Waliingia kwa upande wetu, ardhi ikaanguka. Waliingia kwa upande wa jirani, ikaanguka tena, na kijana mmoja akavutwa akiwa amevunjika mguu. Mvua ilirudi. Mama hakuondoka kando ya shimo, na kila mchimbaji aliyepanda juu alimtazama usoni kabla ya kumtazama mtu mwingine yeyote, kisha akatazama chini. Mwishowe mkubwa wa wachimbaji, mtu aliyekwisha kuzika wengi, alimwita baba uani. Alimwambia kwamba udongo umelowa wote, kwamba kumtafuta mmoja kutawachukua watano, na kwamba neno la kuacha linapaswa kutoka kwa baba. Baba alisimama kwenye mvua muda mrefu. Alikubali kwa kichwa.

Wakaweka mawe, wakamwaga sementi. Mchungaji akaombea ile sakafu. Mdogo wangu yuko pale mpaka leo, chini ya chumba cha wazazi.

Kilio kilikaa uani chini ya turubai, na ndipo mtaa ulipogawanyika hadharani. Habari ilikuwa imeshatembea: familia ilikuwa inacheka, mtoto anavuta kamba. Vijana wa kanisa la mama walitaka kwenda mjini kumtoa yule mtu kwenye ile televisheni yake kwa nguvu. Walisema amezoea kufanya mzaha na vifo vyetu, sasa amekula kimoja. Wachimbaji wakasema aliyeua ni udongo, na aliyewapeleka watu kwenye udongo ni njaa, na huyu mchekeshaji kama hayupo, nani mwingine anawataja? Jirani mwenye malori, aliyekuwa ameleta viti na mapipa ya maji, alisema kwa upole kuwa watu wanagombana juu ya mtu asiyejua hata kama sisi tupo. Wakamkemea wote, pande mbili, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana.

Hakuna aliyevaa suruali ya mdogo wangu. Hakuna aliyeiga mwendo wake. Alikuwa hajazaa hata mtoto, sembuse kupata wajukuu. Mama alikuwa amesema kweli siku ile kuhusu vijana, na sidhani kama kuna siku aliyotamani zaidi kuwa amekosea.

Kisha ikafika Jumapili. Kwetu televisheni ilifunikwa kitambaa, lakini nyumba za nyuma zilikuwa na mashimo yao, nao hawangeacha kazi kwa sababu ya msiba wetu. Sauti ikaja juu ya ukuta. Uani palikuwa pamejaa, na sote tulisikia, hata tusiotaka.

"Baliniambia kama ku Kasulo mutu alikufwa juu ya ucheko wangu," alisema yule mtu. Akavuta koti. "Ba ministre banacheka na mi kila siku ya Mungu. Hakuna hata moya anakufwa."

Ukumbi uliwacheka mawaziri. Katika nyumba za nyuma, watu walicheka. Chini ya turubai letu kijana wa kanisa aliinuka kwa nguvu, kiti kikaanguka. Baba alitoa sauti, sijui niiteje, ilianza kama kicheko na ikakatika njiani, kisha akafunika uso na kusema kwamba amesema kweli. Alirudia: amesema kweli. Wengine wakaondoka wakimtukana baba kimoyomoyo, niliona kwenye midomo yao. Mimi nilimchukia yule mtu kwa roho yangu yote. Nilimchukia kwa kuwa alikuwa sawa, kwa kuwa alikuwa salama, na kwa kuwa mdogo wangu angelipenda sana lile neno, angenifanya nilirudie mara mbili, angekaa pale ukutani anakohoa na kucheka. Mama alikuwa anatazama mlango wa chumba.

Baada ya kilio baba aliacha kutazama. Hakutangaza, aliacha tu. Ikifika saa ile alitoka, akaenda kusimama kwenye reli ya zamani, akarudi giza likiingia. Shati safi halikuvaliwa tena. Ukimtajia yule mchekeshaji alisema ni mtu mjinga anayecheza na shida za watu, maneno ya mama kabisa, kana kwamba aliyaazima.

Na mama ndiye aliyefunua televisheni. Jumapili moja tu alikunja kile kitambaa, akakiweka kabatini, akabonyeza. Majirani walimwona dirishani. Wakasema huzuni imemgeuza kichwa, wengine wakasema amekuwa shabiki wa mtu aliyemuua mwanawe, kwaya ikampa mtu mwingine uongozi kwa maneno ya heshima. Nilimtetea kwa ulimi wangu huu, nikagombana na watu nusu ya mtaa, lakini na mimi sikumwelewa. Wakati huo nilikuwa nimepata kazi katika shule ya upande wa Kingamyambo na nililala huko, hivyo Jumapili jioni sikuwa nyumbani.

Nilikuja bila kutarajiwa siku moja, mvua ilikuwa imenizuia njiani. Nyumba za jirani zilikuwa zinapiga kelele yao kama kawaida, na baba alikuwa ametoka. Kwetu televisheni ilikuwa inawaka. Yule mtu alikuwepo, koti lake, mkono wake, mdomo unafunguka na kufunga, ila sauti ilikuwa imezimwa kabisa. Watu wake walikuwa wanacheka bila sauti. Sebuleni hapakuwa na mtu.

Nilimkuta chumbani. Alikuwa amepiga magoti juu ya ile sementi, pale pale alipokuwa akiomba, kitambaa cheupe kichwani. Nilidhani anaomba, nikataka kurudi nyuma. Kisha nikasikia anachosema.

Alikuwa anasimulia. Alisimulia vibaya, vibaya kuliko baba, bila kupumzika panapotakiwa, anachanganya Kiswahili na Kiluba cha kwao, anarudi nyuma kurekebisha. "Mwanangu, ikakuwa mama moya wa Kasulo," alisema. "Alipiga magoti pembeni ya kitanda. Hapana, ngoja. Akasema kwanza: Bwana, miaka yote naomba, haunijibu. Leo, kama unanisikia, unijibu."

Akanyamaza.

Nilijua kinachofuata. Hakuna mtu Kasulo asiyejua kinachofuata. Mama hakuendelea. Aliinama mpaka sikio lake likagusa sementi, mikono yote miwili imetandazwa sakafuni, akatulia hivyo, anangoja aambiwe asogee kidogo.